Mita Sita

Ramani inasema mita sita.
Nimeikunja na kuikunjua hadi barabara
ikachanika palepale, kwenye mkunjo.

Kisilu alisogeza ukuta usiku,
mawe ya Ndarugo, safu tatu kwa mkupuo.
Nami, nisije nikaonekana bwege,
nikasogeza seng'enge yangu alfajiri.
Tukabaki na upenyo wa mkokoteni mmoja.

Boza la maji sasa huishia kwa Mama Nyarinda,
hutuvutia mpira, hutoza mia mbili zaidi.
Mpima ardhi amekuja Ruai mara mbili,
akatafuta bikoni majanini,
akanywa chai, akaondoka.

Jumanne friji ya Kisilu ilifika.
Vijana wanne wakaitwika,
wakakwama kati ya ukuta wake na seng'enge yangu.
Tukasukuma, yeye huku, mimi kule,
bila salamu,
jasho likidondokea mita
alizoiba kila mmoja wetu.

"Kushoto kidogo," akasema.
Neno lake la kwanza kwangu tangu Machi.

Nikaenda kushoto.
Mwiba wa seng'enge yangu mwenyewe
ukanichana shati.