Beki Tatu, Mkataba wa Msimu Mmoja

Misimu miwili nilikuwa huru.
Ndivyo mtambo unavyomwita asiye na timu:
mchezaji huru.
Nilimuumba mwenyewe, usiku wa mvua, Kadutu,
kwenye simu yenye ufa katikati ya kioo
kama Ruzizi kati ya nchi mbili.
Urefu: mita moja na sabini na nane. (Mimi sifiki.)
Mguu: kushoto.
Kasi nikampa kumi na nne, subira sita,
maana pointi ziliniishia.
Jina nikamwandikia Mugaruka,
arudiye, kama beki anavyopaswa.

Mchana, Nyawera, nabadilisha vioo vya simu za watu.
Usiku naandika kwa makocha:
"Beki tatu, miaka kumi na tisa, hana madai, hali sana."
Kocha wa Kisangani akajibu: nafasi ishirini na tatu, zimejaa.
Kocha wa Uvira: nataka kipa.
Wa Kindu hakujibu.
Niliona tiki mbili tu, zimekaa pamoja
kama ndege kwenye waya usio na umeme.

Mama, akichambua sambaza kwenye ungo:
"Umepata kazi?"
Bado, Mama. Dirisha linafungwa tarehe thelathini.
Akatazama dirisha.

Tarehe ishirini na tisa, saa tano usiku,
kocha Mwadi wa Lubumbashi akabisha.
Beki wake wa kushoto alikuwa ameachwa na mwenyewe:
kijana kaenda Kolwezi kuchimba, haingii tena,
na mchezaji asiye na mwenyewe huoza polepole kwenye orodha,
kasi ikishuka, nambari baada ya nambari,
mpaka mtambo umfute bila matanga.

Mkataba ulikuwa mistari saba.
Msimu mmoja. Mshahara laki nne
za fedha isiyonunua hata kiberiti.
Benchi. Jezi ishirini na mbili.
Kifungu cha tano: mwenyewe awepo kila Jumamosi, saa mbili usiku;
akikosa mara tatu, nafasi apewe mwingine.

Kifungu cha tano nilikisoma mara tisa.
Jumamosi, saa mbili, Kadutu!
Umeme wetu huu una mkataba na nani?
Bwawa liko hapo chini, maji yanapita yakinguruma,
nasi tunawasha mshumaa kuyasikiliza.

Nikatia saini kwa kidole gumba.
Nikaenda kwa Birindwa kuazima betri ya pikipiki,
nikamwachia rehani bisibisi zangu ndogo, seti nzima.
"Yote hii kwa ajili ya mpira?"
Kwa ajili ya ajira.
Alicheka hadi akakaa.

Jumamosi ya kwanza, benchi.
Ya pili, benchi.
Ya tatu mlima ulishuka na nyumba mbili, mnara ukazima,
nikaandikiwa kosa la kwanza, wino mwekundu,
bila mtu kuuliza juu ya nyumba.
Ya nne, dakika ya themanini na nane, tukiongoza moja bila,
(mtambo hauonyeshi picha, huandika tu)
"Anaingia Mugaruka."

Nilisimama.
Niliinama kufunga kamba;
nilikuwa nimevaa kandambili.
"Krosi kutoka kulia. Mugaruka anautoa nje."
Mguso mmoja. Kona ikapita juu ya kila mtu. Filimbi.
Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akanijibu,
na watoto wa nyumba ya tatu wakashangilia
wakidhani umeme umerudi.

Mama akasogeza pazia, mshumaa mkononi.
"Wamekulipa?"
Laki nne.
Akanyamaza, anahesabu. Kisha:
"Na huyo wa Kolwezi, uliyekalia kiti chake,
anakula?"

Jina lake lingalipo, chini kabisa ya orodha.
Kasi: mbili.
Jumatatu, baada ya zamu ya Mugaruka,
nilijaribu kumfanyisha na yeye mazoezi kidogo,
pointi moja tu, ya pumzi.
Mtambo ukakataa:
wewe si mwenyewe.