Mshona Mifuko

Kidonge chenyewe si kitu:
punje ya dengu, njano iliyopauka,
kiganjani mwa Stavroula Kaltsa
aliyeshona mifuko ya makoti miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha Brunswick, Melbourne,
mpaka kiwanda kikafungwa
na damu yake ikaanza kujaza watu asiowajua.

"Nieleze," akasema. "Ila nieleze kifundi."

Nikavuta stuli, mimi mtoa damu wa zamu ya usiku.

Kila seli, mama, huzaliwa na makasi yake.
Yamefumbwa, yamewekwa akiba.
Seli ikiharibika, mjumbe huja na neno moja: kata.
Nayo hujikata yenyewe, vipande vidogo vidogo,
majirani wakavila wakamaliza,
pasiwe na usaha, wala kilio, wala matanga.

Zako zimekataa.
Zina protini yenye mfuko ubavuni;
kila mjumbe akifika hutumbukizwa humo,
kifungo kikafungwa.
Sikio la kufa halisikii dawa, twasema.
Haya yalikuwa masikio ya namna nyingine:
hayasikii kufa.

"Na hiki?"

Hicho ni mkono wa mtu baki
uliokatwa kwa kipimo cha mfuko ule ule.
Unaingia, unajaa, hapapiti hata uzi.
Mjumbe anabaki nje. Anakwenda
hadi kwenye vinu vinavyoipa seli nguvu,
anavitoboa.
Makasi yanasikia.

Akanyamaza kitambo.
"Basi hamziui ninyi."
Hatuziui. Tunazikumbusha.

Nikamtajia jina ambalo madaktari wameupa mwisho huo.
Akacheka hadi mrija ukatikisika.
"Letu hilo! Kigiriki! Majani kupukutika!"
Na nje, Mei hiyo, miti ya barabarani
ilikuwa ikifanya hivyo hivyo bila kulipwa.

Akameza. Lita tatu za maji, amri ya Daktari Winslade,
maana hofu yetu haikuwa dawa kushindwa
bali kushinda kwa pupa:
wafu wengi mno kwa usiku mmoja,
na figo ndizo wachimba kaburi, mbili tu.
Saa mbili, damu. Saa nane, damu.
Potasiamu ikapanda, ikasimama mlangoni,
ikafikiri,
ikashuka.

Wiki ya tano alitafuta tezi ya shingoni
kwa kidole gumba, kama mtu atafutaye pini sakafuni.
Akageuza shingo. Akatafuta tena.

Kitanda cha sita alilala bwana Ferreira.
Yeye pia tezi zake ziliyeyuka, mwaka na nusu,
kisha seli zikabadili mshono,
mfuko ukapindwa ukingo kidogo tu,
kidonge kisienee.

"Koti lako limefumuka," Stavroula akaniambia,
"hapo mfukoni. Lete.
Utapoteza vitu."

Nikalivua nikampa.
Akalamba uzi, akatunga sindano bila miwani.
Habari za Ferreira sikumpa.