Kasoro ya Unywele

Kitambaa huingia kikavu, cheupe, hakina neno.
Uji wa plastiki humwagwa juu yake,
mzito, wa buluu, ukajikunja mbele ya kisu
kama ugali ambao bado haujaamua.
Kisu hakikati. Kazi yake ni kukataza:
hiki kipite, hiki kibaki.
Kisha tanuri. Kisha mimi.

Mimi Mbeyu, nakaa mwisho wa mashine
katika banda la turubai, njia ya kwenda Muyeye,
na geji ndogo yenye mguu mmoja
na uso wa saa isiyojua saa.
Kila mita hamsini nalibana jora mara tatu:
pindo la kushoto, kati, pindo la kulia.
Nasubiri lipoe. Kitu cha moto hujivuna.
Wala sibonyezi. Ukikibonyeza, kitambaa kinakubali,
kinakupa namba uitakayo
kama mtoto aliyeulizwa kwa bakora.

Nyanya yangu aliuza marekani sokoni.
Alikuwa na shibiri, alikuwa na dhiraa,
na wanda kwa vitu vidogo.
Mikono yake ilikuwa mifupi;
wateja walimtaka dada yake.
Lakini unene hakuupima. Unene aliushika,
gumba na cha shahada, akafumba macho,
akasema: hiki kitaona mavuno mawili.

Daftari langu halifumbi macho.
Katika sehemu za mia za milimita,
kitambaa kitupu: thelathini.
Kilichopakwa: hamsini na tano.
Toa. Hiyo robo ndiyo mkate wetu.

Jumatano ile pindo la kushoto lilinipa arubaini na saba.
Nikangoja. Nikafuta mguu wa geji kwa shati.
Arubaini na saba.
Mita hamsini mbele: arubaini na saba.
Kati sawa, kulia sawa,
kushoto kumeshuka kama upande wa mdomo
wa mtu anayeficha jambo.

Fundi Lali akaja na simu sikioni.
Gongoni wanangoja, chumvi iko nje, mawingu yameshafika.
"Kwani imepungua nini? Unywele tu, Mbeyu. Unywele!"

Sikujibu. Nilipenyeza mkono chini ya leso,
nikang'oa mmoja, ukauma,
nikaulaza chini ya mguu wa geji.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Saba.
"Kasoro ni nane," nikamwambia.
"Unywele mmoja, Fundi, na chenji."

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini.
Lali hakucheka. Alichukua spana,
akalegeza nati, akakiinua kisu upande wa kushoto
kiasi ambacho jicho halikioni,
akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.
Jora lililofuata:
hamsini na tano, hamsini na tano, hamsini na tano.
Nililisoma kwa sauti, mara mbili, bila sababu.

Na lile la kwanza?
Lilichorwa chaki, DARAJA LA PILI, namba 318,
likasimamishwa nyuma ya mlango.
Gongoni halikwenda. Chumvi ya watu ililala kavu.

Mvua za Mei zilinikuta Maweni,
kibandani kwa shangazi Haluwa, akikaanga mahamri.
Ameezeka upya. Bei rahisi, alisema,
kijana fulani alikuwa akiuza vipande.
Nikatazama juu: buluu yetu.
Kwenye kona, chaki iliyofifia: tatu, moja,
na nane iliyokatwa kiunoni.

Tone likaanguka kwenye unga. Kisha la pili.
Shangazi akasogeza karai bila kuinua uso,
kama mtu anayempisha mpangaji mwenziwe.
"Nzuri, ee? Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya."

Nilipanda juu ya ndoo, nikalishika pindo,
gumba na cha shahada.
Mikono yangu nayo ni mifupi.
Nikasema: "Shangazi, hamia kulia.
Kushoto kutazidi."