Nafasi Chini ya Jina

Mimi ni mwandika mabango, Katuba, nyuma ya soko.
Nimeandika SALUNI, nimeandika USIKOJOE HAPA,
nimeandika majina ya marehemu kwenye misalaba ya mbao,
na sijawahi kukosa neno mahali pa neno.
Ila mara moja.

Walikuja wanne na ubao, zamani ulikuwa mlango:
Odilon Kyungu na gita la nyuzi tano
(wa sita, alisema, ulikwenda na kodi ya nyumba),
Mwewa wa besi, mrefu, haongei,
Delphin, ambaye ngoma zake zilikuwa mapipa ya mawese,
na Chola, sauti kama shoka kwenye mti mbichi:
mwanzo unadhani haikati,
halafu unasikia kishindo.

"Andika KICHUGUU." Nikaandika,
herufi nyekundu, kivuli cheusi.
"Na chini yake?"
Wakaangaliana.

Maana Lubumbashi kila wimbo una kitambulisho:
wa Mungu, au wa dunia.
Pasta Kafwimbi alikuwa na ukumbi na jenereta.
"Andikeni INJILI, mpige hata mpaka asubuhi."
Mama Godeliva alikuwa na baa na viti vya plastiki.
"Mkiandika Injili, bia yangu atakunywa nani?"
Redioni wakaambiwa: Jumapili alfajiri ni ya Bwana,
Jumamosi usiku ni ya starehe,
nyinyi hatuna saa yenu.

Wakapiga kote kuwili, ubao vilevile.
Mimi nilibeba ngazi, kwa hiyo nilisikia.
Gita lilinguruma kama lori la shaba
linalotafuta gia katikati ya mlima,
watoto wakaziba masikio huku wanacheka,
ndipo Chola akaimba ule mmoja:
*Wewe uliye gizani, itika.
Nimebisha kwa ngumi, nimebisha kwa jembe.*

Ukumbini mikono ilipanda yote.
Baani mwanaume mmoja aliweka chupa chini taratibu,
akatoka, akalia ukutani,
palepale nilipoandika USIKOJOE HAPA.

Wazee wa kanisa wakamwita.
Huyu Wewe ni nani?
Kama ni Bwana, mbona humtaji?
Kama ni mwanaume, mbona unapiga magoti?
Katuba nzima ilijua kuhusu mdogo wake, Silvère,
aliyeshuka shimoni masika na tochi kichwani,
ndala zake zikabaki juu, zimepangwa,
kama za mtu aliyeingia kusali.
Lakini hilo halikuulizwa.
Chola akasema, "Siku nikijua ni nani, sitaimba tena."
Katibu akaandika: *hakujibu.*

Nitaongeza kitu, mkipime wenyewe.
Matofali ya kanisa na matofali ya baa
yalitoka kichuguu kimoja, ng'ambo ya reli.
Baba yangu aliyachoma, tanuri moja, wiki moja,
na mkokoteni ulioyabeba ulikuwa mmoja,
gurudumu lake likilia njia zote mbili.

Basi, hawakuvuma.
Mwewa anaendesha lori, Kolwezi na kurudi.
Delphin anapiga kwaya, kwa upole, kama anayeosha vyombo usiku.
Odilon aliuza gita, akabaki na mkanda wake, anafungia suruali.
Chola sijui. Wengine wanasema Likasi,
wengine wanasema ameokoka, wengine wanasema amepotea,
na wote wanaosema hawakununua hata kanda moja.
Mimi ninayo. Imekwaruzika pale pazuri.

Ubao niliurudisha kuwa mlango: banda la kuku.
Kila kiangazi naipa upya rangi nyekundu, halafu kivuli.
Mteja akisubiri hushangaa:
"Fundi, hapa chini mbona peupe?
Walikuwa watu wa nini hawa?"
Brashi iko mkononi, imelowa.
Kuku anapita katikati yetu, anaingia ndani.
Namwambia mteja asogee,
ananizibia mwanga.