Upande wa Nyuma

Bwana Vadgama wa duka la vitu vya kale, Ngara,
alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.
Kiwambo cha Kichina, mbao sita kwa bawaba,
weusi unaong'aa kama jicho la mbuzi,
korongo wanne wa dhahabu, mmoja hana mguu,
na mwezi wa gamba la chaza juu ya daraja.
Akagonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Mbele ni mali," akasema. "Nyuma si kitu."
Kisha akataja bei, nikatafuta stuli.

Ng'ambo ya korongo, kitandani, Mama akakohoa.

Miaka kumi na tisa alikifuta vumbi
katika nyumba ya Muthaiga yenye vyumba kuliko watu:
kwa flana kavu, kamwe si maji,
korongo kwanza, kisha mawingu, kisha yale maua manene
ambayo hakuna aliyemtajia jina lake.
Aliyaita kabichi za mfalme.
Wenyewe walipofunga virago, vyombo vikapigwa mnada uani,
meza ikaenda, piano ikaenda, hata mbwa akapata mtu.
Hiki kikabaki na ukilema wake.
"Mmbone, chukua," wakamwambia,
kama mtu atoavyo koti lililotoboka.

Kikaja Umoja juu ya mkokoteni,
kikapanda orofa nne kwa mabega mawili na matusi mengi,
kikasimama kati ya kitanda na jiko.
Mama Adisa wa chini alikuja kutazama, mikono kiunoni:
"Milango sita! Na nyumba yenyewe iko wapi?"
Tangu siku hiyo moshi wa omena
hupanda taratibu, ukavuka daraja, ukafika mwezini.

Kabla ya kuuza nilimwita fundi Nyamweya
kwa ajili ya bawaba, na ule mguu.
Akakigeuza. Mbao kavu, utando wa buibui.
"Huku nipige msasa, dada?"
Ndipo nikaona penseli.

Safu moja ina mwandiko wa shule, wa kujiamini:
Rupert, Krismasi. Rupert, Krismasi. Rupert.
Kando yake mikwaruzo saba isiyo na jina,
mmoja juu ya mwingine,
ngazi ya sisimizi.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.
"Kila Desemba, kule Mbale, nyanya yako alikusimamisha mlangoni,
akakata uzi wa katani, kisigino hadi utosi,
akaukunja ndani ya barua pamoja na habari za ng'ombe.
Krismasi sikupewa ruhusa. Wageni walikuwa wengi.
Nilingoja walale, nikauning'iniza pale, nikatia alama."
Akatupa jiwe dogo dirishani.
"Mwaka wa tatu ulimpita Rupert.
Siku nzima nilipakua nyama nikijua."

Sikusema kitu.
Nilikuwa nimehesabu miaka ile yote kwa noti alizotuma,
kwa viatu vilivyofika vikiwa vidogo nikamlaumu,
na kumbe unene wa kidole tu nyuma ya korongo,
nyuma ya vicheko na glasi,
nilikuwa nakua.

Nyamweya akapachika mguu wa jakaranda.
Umenenepa kidogo. Korongo sasa ana goti la mkulima.
Kodi ya miezi miwili bado inadaiwa,
na magoti ya Mama yanataka daktari, si mashairi;
hilo nalijua, nalijua vizuri.

Jumamosi nikamwambia avue champali.
"Ya nini?"
"Simama hapa. Kisigino kiguse mbao."
Nikalaza rula juu ya kilemba, nikakivua kilemba, nikalaza tena
juu ya mvi.
Penseli ikaangukia kati ya mkwaruzo wa sita na wa saba.
Nilikuwa mrefu kuliko hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili.

Mlango ukagongwa. Bwana Vadgama, na vijana wawili, na kamba.
Nikamtazama Mama. Hakusogea,
shingo ameinyoosha kama mtoto anayeiba urefu.
"Mwambie angoje," akasema.
"Ninapimwa."