Pima Ishirini na Saba

Mwalimu Rubeya alisema mita hamsini
ni pima ishirini na saba na shibiri mbili.
Baba akasimama mchangani Katonga, akatanua mikono,
akaipima kamba ya wavu ncha hadi ncha
akihesabu kwa sauti ili majirani wasikie.
Mwisho mmoja tukaufunga kwenye tishari
lililolala ubavu tangu kabla hatujazaliwa,
wa pili kwenye dumu la njano lenye nanga ya jiwe.
Hilo ndilo bwawa la Butoyi.

Mimi ni Bukuru. Nilimtangulia kwa robo saa,
na tangu siku ile sijamtangulia tena.
Kila alfajiri nilikaa juu ya kutu na simu yenye ufa
nikahesabu: mikono arobaini na minane
toka dumu hadi chuma. Haipungui, haizidi.
Wavuvi wakirudi, karabai zimezimwa,
walimpisha. Walimwita kiboko
na hawakuwa wakitania.

Nauli ilitosha yeye na mwalimu.
Akapiga simu usiku kutoka Dar:
"Bukuru, maji yao yamelala.
Hayasukumi, hayavuti, yananuka zahanati.
Na chini kuna mstari mweusi, umenyooka
kama siafu waliopewa amri."
Nikamuuliza, umekula?
Akasema wali.

Jumamosi saa nne nilikuwa kibandani kwa Nyandwi,
pale wanapochaji simu,
mama yuko nje anageuza dagaa.
Huko mbali mwalimu ameinua simu yake juu
tusikie taifa zima linaogelea.
Filimbi. Kimya.
Halafu kelele, kama mvua juu ya mabati.
Sikuona kitu, nilihesabu tu.
Arobaini na sita, arobaini na saba,
arobaini na minane, nikapiga meza kwa kiganja:
geuka!
Soda ya Nyandwi ikamwagika.
Nikaanza moja.
Nilipofika arobaini na minane mara ya pili
nikanyamaza, nikangoja jina lake.
Jina lililopigiwa kelele lilikuwa la mtu mwingine.

"Wa nne," sauti ya mwalimu ikakatika, ikarudi. "Wa nne."
Mama akauliza kutoka nje, "Kati ya wangapi?"
"Wanane."
"Basi wanne wako nyuma yake,"
akaendelea na dagaa wake.

Treni ilichelewa saa sita.
Butoyi akashuka, nywele bado zinanuka zahanati.
Hakulia. Alinivuta nyuma ya magunia ya chumvi ya Uvinza
akaninong'oneza:
"Nilifika arobaini na minane, ukuta haupo.
Nikanyoosha mkono, nikashika maji.
Arobaini na tisa, maji. Hamsini, maji.
Bukuru,
mikono ya baba ni mifupi."

Tukamtazama. Alikuwa anahangaika na begi lake,
mfupi kati ya wapagazi,
anamwambia kila aliyepita, hata askari wa reli:
wa nne, Tanzania nzima, wa nne.
"Usimwambie," akasema.

Usiku ule tulishuka ziwani na kipande cha kamba.
Fundo la baba lilikuwa gumu, limelowa miezi minane,
tulilifungua kwa meno.
Tukaunga kwa kipimo cha futi ya fundi seremala,
tukakaza fundo letu,
na dumu la njano likasogea kidogo upande wa Kongo.

Asubuhi baba alisimama mchangani
mpaka chai ikapoa mkononi mwake.
Alilitazama dumu. Alilitazama tishari.
"Kamba za siku hizi," alisema,
"zikilowa hutanuka."
Kisha akaenda zake kwenye nyavu,
mikono ameifunga mgongoni.