Kichupa cha Kitangari

Bwana Nandonde wa afya kaniachia kichupa,
chini kina unga kama wa ugoro.
"Jaza maji ya kisima, weka penye joto.
Yakiamka meusi, msinywe."

Penye joto ni wapi, Kitangari, mwezi wa saba?
Nimekifunga tumboni kwa kanga,
nikalala kiubavu kama mja mzito.

Kisima kachimba marehemu,
kakisakafia kwa fedha ya korosho,
bati likakinga mvua. Maji matamu.
Wajukuu wanaharisha tangu Jumatatu.

Alfajiri, kibatari. Nilichelewa makusudi kuifungua kanga.

Meusi kama masizi.

Nikabandika sufuria.
Unisamehe, Mzee Chilumba:
kisima chako bado tunakipenda,
ila kuanzia leo
tunakichemsha.